Dawa ya selimundu inangoja pesa isiyo na haraka

Karafuu, majani ya mtama, mbegu za pilipili ya mwituni iliyo jamii moja na pilipili manga, na shina la mti ulio ukoo mmoja na mninga. Mpishi wa Pwani akikabidhiwa vitu hivyo atauliza kama kuna mgonjwa wa mafua nyumbani. Hizo ndizo malighafi nne za Niprisan, dawa ya mitishamba ya selimundu iliyotengenezwa Nigeria, ikapimwa kwa wagonjwa kwa utaratibu wa kisayansi, ikapata mwekezaji kutoka Marekani, kisha ikamponyoka mgonjwa mkononi.

Fomula yake ilitoka kwa Mchungaji P. O. Ogunyale wa Jimbo la Oyo, ambaye familia yake ilikuwa ikirithishana dawa hiyo. Katika miaka ya 1990 taasisi ya taifa ya utafiti wa dawa ya Nigeria, NIPRD, chini ya Profesa Charles Wambebe, ilimwendea, ikaketi naye na kuandikiana naye mkataba. Kwa hilo peke yake iliwazidi watafiti wengi wa bara hili, ambao humchota mganga maarifa kisha wakamsahau kwenye tanbihi. Matokeo ya jaribio lililochapishwa 2001 yalionyesha kuwa wagonjwa walipata vipindi vichache vya maumivu makali walipotumia Niprisan kuliko walipopewa dawa bandia. Jaribio lilikuwa dogo, na daktari makini angedai kubwa zaidi kabla ya kuiandika kwenye cheti cha mgonjwa. Lakini lilikuwa jaribio halali, si ushuhuda wa redioni.

Mwaka 2002 haki ya kuitengeneza ilikwenda kwa Xechem, kampuni ndogo ya New Jersey ambayo hisa zake ziliuzwa kwa senti. Mwaka 2006 Rais Olusegun Obasanjo akaizindua dawa hiyo kwa jina la biashara la Nicosan. Miaka miwili baadaye Xechem ikakimbilia mahakama ya mufilisi. Mbegu za pilipili hazikuwa zimepungua Nigeria, wala mtama, wala wagonjwa. Kilichokwisha ni fedha za kampuni iliyokuwa imebeba dawa nzima mgongoni.

Naileta habari hii kwa sababu mjadala wetu wa dawa za asili umekwama mahali pasipo na faida. Huyu anasema mitishamba ndiyo tiba ya babu zetu na wazungu wanaificha. Yule anasema ni ushirikina mtupu, nenda hospitali. Wakibishana mpaka usiku wa manane hawatafika kwenye swali linaloamua kama dawa itamfikia mgonjwa: nani ataweka pesa, na yuko tayari kuingoja miaka mingapi?

Mwaka 2011 Tanzania nzima ilielekea Samunge, Loliondo, kwa Mchungaji Ambilikile Mwasapile. Kikombe kimoja kilikuwa Sh500. Magari yalipanga foleni ya kilomita nyingi, wengine wakitoka Kenya na mbali zaidi. Tukiweka kando imani na kuangalia hesabu tu, nauli ya kufika Samunge ilizidi bei ya kikombe mara nyingi mno, kwa hiyo fedha nyingi zilizotoka mifukoni mwa watu msimu ule ziliishia kwa wenye magari. Watu hawakuwa wabahili. Walitoa, tena walitoa kwa siku chache kiasi ambacho kingeweza kuendesha utafiti wa maana. Taasisi ya Dawa Asilia ipo Muhimbili tangu 1974, na sheria ya tiba asili na tiba mbadala tunayo tangu 2002. Ila hakukuwa na njia ya kuifikisha shilingi ya mwananchi kutoka foleni ile hadi maabara, na mpaka leo haipo.

Selimundu, au sikoseli kama tunavyoiita mitaani, ni ugonjwa ambao ungetupasa sisi kuliko wengine kuwa na dawa yake. Vitabu vya tiba vinasema uligunduliwa Chicago mwaka 1910, pale James Herrick alipoeleza chembe za damu zilizopinda mithili ya mundu. Lakini sababu ya kuenea kwake ilifumbuliwa huku kwetu. Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alikusanya sampuli za damu mwaka 1949 akaona kuwa kinasaba hicho kimejaa Pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, ilhali nyanda za juu zenye baridi hakionekani sana. Mwaka 1954 alichapisha jibu: aliyerithi kinasaba kimoja tu hupata kinga dhidi ya malaria kali. Malaria ndiyo iliyokitunza kinasaba hicho katika damu yetu kizazi baada ya kizazi. Bei ya kinga hiyo hulipwa na mtoto aliyerithi viwili, kimoja kwa baba na kimoja kwa mama. Wazazi wote wawili wakiwa wabebaji, kila ujauzito una nafasi moja kati ya nne ya kumpata mtoto huyo.

Tanzania huzaa takriban watoto 11,000 wa namna hiyo kila mwaka. Mama zao wanaijua kalenda ya ugonjwa kuliko daktari wa zamu. Dalili ya kwanza mara nyingi ni vidole vya mikono na miguu kuvimba kabla mtoto hajatimiza mwaka, na wengi huambiwa kaumwa na mdudu. Baadaye macho huwa ya manjano. Julai, Dar es Salaam ikipata kibaridi ambacho mtu wa Njombe hawezi kukiita baridi, mtoto wa selimundu huvishwa sweta na kuogeshwa maji ya moto, maana ubaridi unaweza kuamsha maumivu ya mifupa yatakayomlaza wiki nzima. Maji ya kunywa hubebwa kila aendako. Na jirani hakosi wa kumwambia mama kuwa mwanawe ana jini.

Mwezi Desemba 2023 mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha kwa siku moja tiba mbili za jeni za ugonjwa huu, Casgevy na Lyfgenia. Uingereza ilikuwa imeitangulia mwezi mmoja kwa kuidhinisha Casgevy. Kimsingi ni kazi inayostahili heshima. Jeni haimezwi kama kidonge; lazima kitu kiipeleke hadi ndani ya seli, na hapo ndipo utafiti ulipokwama kwa miongo. Waliotengeneza Lyfgenia walitumia kirusi cha ukoo wa virusi vya Ukimwi, kilichonyang'anywa uwezo wa kumwambukiza mtu ugonjwa, kikafanywa mbebaji wa jeni mpya. Wenzao wa Casgevy huzichukua seli za uloto za mgonjwa, huzipiga mshtuko wa umeme ili utando wake ufunguke, kisha huingiza mkasi wa kibayolojia unaokata sehemu inayozuia damu ya kichanga isiendelee kutengenezwa. Mgonjwa akiwa tumboni mwa mama alikuwa na damu nzuri isiyopinda, tiba inairudisha. Lakini kabla ya kurudishiwa seli zake, uloto wa zamani huteketezwa kwa dawa kali za saratani, na ugumba ni mojawapo ya hatari anazoambiwa kabla ya kuweka sahihi.

Bei ya Casgevy ni dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja, zaidi ya Shilingi bilioni 5. Lyfgenia ni dola milioni 3.1.

Tungetegemea kampuni inayouza tiba kwa bei hiyo iwe tajiri. Kampuni ya bluebird bio, iliyotengeneza Lyfgenia, ilianza 1992 kwa jina jingine na ikahangaika na virusi vyake kwa zaidi ya miaka 30. Mwaka 2018 soko la hisa liliithamini kwa zaidi ya dola bilioni 10. Mwaka 2025, tiba yake ikiwa imeidhinishwa na madaktari wakiikubali, ilikubali kuuzwa kwa Carlyle na SK Capital kwa malipo ya awali ya takriban dola milioni 30. Sijakosea kuandika, ni milioni. Fedha ilikuwa imeisha kabla wagonjwa hawajapatikana wa kutosha. Waliokuwa wamenunua hisa zake wakati wa vigelegele walibaki na makombo.

Kwa hiyo Abuja dawa ya pilipili na karafuu ilikwama, na Marekani tiba ya kirusi ilinusurika kwa kuuzwa kwa bei ya kutupa, na ugonjwa ulioziangusha kampuni zote mbili ni mmoja. Mwekezaji wa hisa huangalia robo mwaka ijayo. Dawa hutaka miaka 20. Pengo hilo halizibwi na ustadi wa mwanasayansi, awe amevaa koti jeupe au kanzu.

Najua nitakaloambiwa: basi tusubiri, teknolojia itashuka bei kama simu zilivyoshuka. Pengine. Mwaka 2019 taasisi za afya za Marekani na Wakfu wa Gates ziliahidi kila moja angalau dola milioni 100 kutafuta tiba za jeni za selimundu na Ukimwi zinazoweza kutolewa Afrika, na matumaini yako kwenye sindano moja ya kawaida, isiyohitaji kuteketeza uloto. Mwaka 2025 huko Philadelphia mtoto mchanga mwenye kasoro ya ini alitibiwa kwa kurekebishiwa jeni ndani ya mwili wake, zana ya kurekebishia ikibebwa na chembechembe za mafuta za aina ileile iliyobeba chanjo za Uviko. Ini ni rahisi kulifikia; uloto bado unasumbua. Atakayefanikiwa kuufikia atastahili tuzo zote. Ila mtoto wa Sengerema aliyezaliwa jana hawezi kuwekwa kwenye foleni hiyo.

Wala hana sababu ya kuwekwa. Ipo dawa iitwayo haidroksiurea, kidonge cha zamani cha saratani, ambacho Marekani ilikiruhusu kwa wagonjwa wa selimundu mwaka 1998. Nacho huamsha damu ya kichanga, lengo lilelile la mkasi wa dola milioni 2.2, ila humezwa kila siku kwa maji. Kwa muda mrefu madaktari walihofia kukitumia kwenye nchi zenye malaria. Ndipo ukafanyika utafiti wa REACH, uliowapa kidonge hicho zaidi ya watoto 600 wa Kilifi, Mbale, Kinshasa na Luanda. Matokeo yaliyochapishwa mapema 2019 yalikuwa kinyume cha hofu: maumivu yalipungua, kuongezewa damu kulipungua, vifo vilipungua, na malaria nayo ikapungua. Ongeza penisilini ya watoto, ambayo ni ya tangu enzi za mkoloni, na kipimo cha tone la damu la kisigino mtoto anapozaliwa. Hivyo vitatu pamoja havigharimu hata ncha ya tiba ya jeni. Vyote vinajulikana. Muhimbili wamekuwa wakiwafuatilia wagonjwa wa selimundu tangu 2004, katika mpango ulioanzishwa na Profesa Julie Makani, na tangu 2023 Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, imekuwa ikiwapandikiza uloto watoto waliopata ndugu wa kuwachangia. Ujuzi upo. Kidonge ndicho mara nyingi hakipo, au kipo cha miligramu 500 kilichopimwa kwa mtu mzima, na mama anatakiwa kukigawa kwa mtoto wa kilo kumi.

Hapa ndipo nataka kuzungumzia akiba zetu, kwa sababu kuna uongo unaorudiwa kwenye kila kongamano la uchumi: kwamba Waafrika hawana mitaji, na kwamba vijana wao wanataka utajiri wa haraka.

Kizazi cha wazazi wetu kiliweka akiba katika vitu vinavyoonekana kwa macho, kiwanja, ng'ombe, nyumba ya kupangisha. Hakikuwa na ujinga wowote. Soko la Hisa la Dar es Salaam lilianza biashara Aprili 1998 likiwa na kampuni moja, TOL. Mtu aliyekuwa na miaka 50 siku hiyo alikuwa ameshajenga, na pengine kustaafu alikuwa anakuona kwa mbali. Wakenya nao walionja. Mwaka 2008 walijipanga kununua hisa za Safaricom kwa Sh5 za huko, bei ikashuka chini ya hapo na kukaa huko miaka, na wengi wakaapa kutorudia. Waliosahau vyeti vyao kabatini walikuta mwaka 2021 kila hisa imevuka Sh40. Nasi tulikuwa na DECI yetu, upatu uliojiita upandaji wa mbegu hadi Serikali ilipoufunga 2009. Majeraha hayo hurithiwa. Baba aliyepoteza pesa ya pamba kwenye karatasi humfundisha mwanawe kununua shamba.

Lakini tazama walichofanya watoto. Mwaka 2021 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa hatifungani ya miaka 25 kwa riba ya asilimia 15.95. Miaka 25! Na zimenunuliwa, si na mabenki na mifuko ya pensheni peke yake. Leo kijana wa miaka 28 anaweza kukuelezea kuponi, soko la upili na tarehe ya kuiva kama kaka yake alivyokuelezea msimamo wa ligi. Wananunua vipande vya mifuko ya uwekezaji ya UTT kwa simu wakiwa kwenye daladala. Wakenya wa rika hilo wanajaza mifuko ya soko la fedha, na tangu hatifungani ya M-Akiba ya 2017, iliyouzwa kwa simu, waliweza kuikopesha serikali yao kuanzia Sh3,000 za huko. Wapo wanaocheza mikeka na kuunguza mishahara kwenye forex, sikatai, tena wapo wengi. Hata hivyo kijana anayekubali kufungiwa pesa yake mpaka atakapokuwa na miaka 53 hana haraka. Wazee wake walimwachia woga wa karatasi, naye ameushinda kwa upande mmoja tu: anaiamini karatasi ya Serikali.

Kwa hiyo pesa yenye subira ipo. Haijapewa pa kwenda zaidi ya hazina kuu, ambako inachanganyika na mishahara, madeni na magari ya wakubwa, na mwenye pesa haoni imefanya nini.

Simshauri mtu aweke akiba ya ada ya mtoto kwenye hisa za kampuni ya kugundua dawa. Nimekwisha kueleza yaliyowapata wa bluebird na Xechem. Hata kampuni ya kutengeneza dawa zinazojulikana inaweza kumkata mtu maini: kiwanda cha Quality Chemical cha Luzira, Kampala, kinachotengeneza dawa za malaria na za kufubaza Ukimwi, kiliingia soko la hisa la Uganda mwaka 2018 kwa Sh256.5 za huko, na kwa miaka kadhaa bei ilikaa chini ya nusu ya hapo huku dawa zenyewe zikiendelea kutoka. Ugunduzi ni kazi ya kodi. Serikali inayotaka kujua kama karafuu ya Pemba ina nafasi katika tiba ya selimundu iwalipe Muhimbili wafanye jaribio kubwa ambalo Niprisan haikulipata; daftari la wagonjwa wanalo na taasisi ya dawa asilia wanayo. Na mama anayesoma hapa asiende kuchemsha karafuu na kumwachisha mtoto vidonge. Orodha ya malighafi haikupi kipimo, na kipimo ndicho kinachotenganisha dawa na sumu.

Ninachokiomba ni kitu kidogo zaidi, na tayari kuna waliotuonyesha njia. Mapema 2024 Mamlaka ya Maji Tanga ilitoa hatifungani ya miaka 10, ikiomba Sh53.12 bilioni kwa umma ili ipanue mitambo na mabomba. Wananchi wakazinunua zikapita kiwango. Mamlaka ya maji, si Wizara ya Fedha, tena nje ya Dar es Salaam! Mnunuzi aliridhika kwa sababu aliona mteja: watu wa Tanga watafungua bomba kesho na keshokutwa, na bili italipwa.

Kiwanda cha haidroksiurea ya watoto, kidonge cha miligramu 100 kinachogawanyika, kina mteja wa uhakika kuliko hata bomba, kwa sababu mgonjwa wa selimundu humeza dawa kila siku maisha yake yote. Mnunuzi mkuu ni Bohari ya Dawa. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote imepita tangu 2023, na kama ugonjwa huu utawekwa wazi ndani ya kitita chake, mapato ya kiwanda yanaweza kukadiriwa kwa miaka 10 bila ramli. Kikwazo kinajulikana na kila mzabuni: Bohari hailipwi kwa wakati na hospitali, nayo haiwalipi wanaoiuzia. Hatifungani ya dawa isiyokuwa na kifungu cha malipo ya lazima kwa Bohari itakuwa Xechem ya hapa kwetu. Hilo lazima liandikwe kwenye waraka wa mauzo, kwa Kiswahili, ukurasa wa kwanza.

Wapo watakaosema kuchuma riba juu ya ugonjwa wa watoto ni dhambi. Nawaheshimu, na kwao kuna sukuki, hatifungani zisizo na riba, ambazo soko letu limekwisha kuzizoea. Dhambi ninayoiona mimi ni kijana wa Ilala mwenye milioni mbili za kufungia miaka 10 kukaa mtaa mmoja na mtoto anayelia usiku kwa kukosa kidonge, na pesa ile kushindwa kuvuka barabara kwa sababu hakuna aliyeiandalia karatasi.

Mamlaka ya Masoko ya Mitaji iliidhinisha ya Tanga. Wizara ya Afya na Bohari ya Dawa zipeleke ombi lao. Nanyi mnaopanga kuoana mwaka huu, kapimeni selimundu kabla ya kugawa kadi za mchango.